KAZI YA MIKONO: Vidole vikubwa, vipande vidogo



Mwezi huu tunaanza na barua. Mama mumoja anayekaa katika kambi ya wafanyakazi ametuandikia hivi:

"Mutoto wangu wa mwanaume amemaliza masomo, lakini kazi ku mine hakuna. Aliuza mbuzi yake akanunua fero ya kusude. Sasa anakamata telefone za majirani na kusema atazitengeneza. Tatu zimekwisha kufa mukononi mwake. Watu wanagonga mulango usiku, wanadai telefone yao. Baba yake anataka kutupa ile fero ndani ya choo. Mimi nasikia huruma, maana naona anapenda kabisa ile kazi. Ninyi munasema nini?"

Mama, aksanti kwa barua yako. Jibu letu ni hili: musitupe fero. Mutupe ile desturi ya kujifunzia juu ya telefone ya mutu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na wazazi wengi wanayachanganya. Kusude vipande vidogo vya siku hizi ni kazi ambayo kijana anaweza kuijifunza nyumbani, juu ya meza, na vyombo vichache. Lakini kuna fasi ya kuanzia, na telefone ya jirani si fasi ile.

Mimi ninayeandika nalijua jambo hili kwa haya yangu mwenyewe. Miaka imepita sasa. Mama mudogo, bibi wa baba mudogo wangu, aliniletea telefone yake. Tundu la kuingizia sharjere lilikuwa limelegea. Baba mudogo alikuwa amefariki mwaka ule, na picha zake za mwisho zilikuwa mule ndani. Mama mudogo akaniuliza: "Mwana, unajua hii kazi?" Nikajibu: "Ndiyo, mama, kesho utaikamata." Nilikuwa nimesude waya za redio na za ampule, basi nikafikiri ni mamoja.

Nikapasha moto, nikavuta mbele etani haijayeyuka yote. Tundu likatoka pamoja na vipande vya shaba vya karte yenyewe. Nikaogopa. Nikazidisha moto, nikaunguza vipande vingine vya pembeni. Ile telefone haikuwaka tena hata siku moja. Nilimulipa mama mudogo telefone ingine, lakini picha za bwana yake sikuweza kumulipa. Alichoniambia siku ile nitakisema mwishoni. Kwanza tuone ginsi kazi inavyofanyika vizuri.

SABABU GANI VIPANDE NI VIDOGO HIVI?

Ukifungua posti ya redio ya miaka ya 1970, utaona vipande vyenye miguu ya waya. Miguu inapita ndani ya matundu ya karte na kusudewa upande wa chini. Vipande hivyo mutu anavishika kwa vidole. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vilianza kutumia kwa wingi vipande visivyo na miguu mirefu. Vinalazwa juu ya uso wa karte na kusudewa palepale. Kwa Kifaransa vinaitwa CMS. Masini inavipanga haraka sana, vinakula nafasi ndogo, na karte inaweza kuvibeba pande zote mbili.

Vipande hivi vina ukubwa wa namna nyingi, na kila ukubwa una namba yake. Namba ile inahesabu urefu na upana kwa sehemu za inchi. Angalia hapa:

1206: urefu milimetre 3,2, upana 1,6. Ni sawa na nusu ya punje ya muchele.
0805: urefu milimetre 2, upana 1,25.
0603: urefu milimetre 1,6, upana 0,8.
0402: urefu milimetre 1, upana 0,5. Ni sawa na chembe ya chumvi ya mawe.

Ndani ya telefone za siku hizi vipande vingi ni vya 0402 au vidogo kupita hivyo. Basi, mama, mutoto wako alianzia darasa la mwisho. Hakuna mwalimu anayempa mutoto wa mwaka wa kwanza mutihani wa diplome. Aanze na 1206 na 0805. Atavipata ndani ya karte zilizokufa: masini ya DVD iliyotupwa, kompyuta ya zamani, dekoda ya televizyo, redio ya motokari. Mafundi wengi wako na lundo la karte kama hizo pembeni ya kiti. Akienda kwa adabu na kuomba, watamupa bure au kwa feza kidogo.

SI KIDOLE, NI ETANI

Kijana anapoona kipande cha milimetre mbili anasema: "Vidole vyangu ni vikubwa, mikono inatetemeka, sitaweza." Hapa ndipo siri iko. Mukono hauwekeki kipande fasi yake kamili. Unakileta karibu tu. Kazi inayobaki inafanywa na etani yenyewe.

Umeona tone la maji juu ya jani la ndizi? Linajikusanya, linakuwa mviringo, halitaki kutawanyika. Etani iliyoyeyuka inafanya vile juu ya vernisi ya kijani ya karte: inaikataa. Lakini ikikuta shaba safi, inaienea yote sawa vile mafuta ndani ya sufuria ya moto. Kipande kina ncha mbili za chuma, na karte ina vitanda viwili vya shaba vya kukipokea. Etani ikiyeyuka inashika ncha na kitanda pamoja, inavivuta vikaribiane. Kama uliweka kipande pembeni kidogo, utakiona kinasogea chenyewe na kukaa katikati. Mara ya kwanza nilipoona jambo hili nilicheka peke yangu.

Nguvu hiyo inaweza pia kukuletea matata. Kama etani inayeyuka upande mumoja na upande mwingine bado, kipande kinaweza kuvutwa na kusimama wima. Mafundi wa Ulaya wanaita jambo hilo "jiwe la kaburi". Ukiona hivyo usikasirike. Pasha tena pole pole, ulaze.

Etani inapenda chuma safi tu. Sisi wa inchi ya shaba tunajua: shaba ikikaa katika hewa inapoteza mungaro wake na kuwa nyeusi-nyeusi. Ile ngozi nyeusi inakataza etani kushika, na moto unaifanya ikuje haraka zaidi. Kwa sababu hiyo tunatumia kolofani, ni kusema utomvu wa muti wa musonobari uliokaushwa, au fluksi inayouzwa kwa mafundi. Ikipata moto inakula ile ngozi na kuacha shaba safi. Mutu anayesude vipande vidogo bila fluksi ni sawa na mutu anayefua nguo bila sabuni. Kama etani inashikamana na ncha ya fero sawa na ugali, na kuacha miiba midogo, usizidishe moto: ongeza fluksi.

VYOMBO VYA KUANZA NAVYO

1. Fero ndogo ya wati 25 au 30, au ile yenye kipimo cha moto kama feza inatosha. Ile kubwa ya kuziba mabeseni haifai hapa, itaunguza karte. Ncha isiwe kali sawa na sindano, maana sindano haibebi moto. Ncha bapa ya milimetre moja na nusu au mbili, sawa na turnevisi ndogo, inafanya kazi vizuri zaidi.

2. Etani ya waya mwembamba, milimetre 0,5 mpaka 0,8.

3. Fluksi. Kama hauna, saga kolofani na kuiyeyusha ndani ya alkoli safi, upake kwa kijiti. Lakini chupa ya alkoli ikae mbali na fero, maana alkoli inawaka haraka.

4. Pinse yenye ncha nyembamba, ile ya kutolea mwiba.

5. Kitu cha kukuza macho: lupe, ao lunete za kusomea za soko za namba +3. Usione haya kuzivaa hata kama uko kijana.

6. Tresi ya shaba, kwa kunyonya etani iliyozidi. Inauzwa, lakini unaweza pia kuipata ndani ya kabuli ya zamani ya antena ya televizyo: ile nyavu ya shaba inayozunguka waya wa kati. Iwe shaba safi. Ipake kolofani na itafanya kazi.

7. Multimetre, hata ya bei ya chini.

8. Taa nzuri, na karatasi nyeupe juu ya meza. Kipande kikianguka chini, sahau. Lakini juu ya karatasi nyeupe utakiona.

Neno moja juu ya umeme wa kwetu. Fero isiyo na kipimo inafuata nguvu ya umeme. Kama umeme wa volti 220 unashuka mpaka 160, moto wa fero haupungui kidogo tu: unabaki karibu nusu. Basi usiku, wakati majirani wote wanapika, etani inakuwa nzito, na wewe unafikiri mukono wako ndio mubaya. Jaribu kufanya mazoezi saa ambayo umeme una nguvu. Utaona mabadiliko.

GINSI YA KUSUDE KIPANDE CHENYE NCHA MBILI

Kwanza kutosha cha zamani. Etani inayo namna mbili. Ile ya zamani, ya sehemu 63 za etani kamili na 37 za risasi, inayeyuka kwa digri 183. Ile isiyo na risasi inayeyuka karibu na digri 217. Kuanzia mwezi wa 7 wa mwaka 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza risasi katika vyombo vingi vipya vya umeme, na viwanda vya dunia vilifuata. Kwa hiyo karte ya leo ni ngumu kuyeyusha kuliko karte ya zamani. Dawa yake: tia fluksi, ongeza tone la etani yako yenye risasi juu ya ncha zote mbili, zichanganyike. Sasa vitayeyuka kwa moto mudogo zaidi. Pasha upande huu, ruka upande ule, rudi, ruka. Kisha moja mbili kipande kinaelea na kukubali kusogea. Usivute! Kipande kinachovutwa kwa nguvu kinatoka pamoja na kitanda chake cha shaba. Telefone ya mama mudogo iliharibika katika hatua hii.

Sasa kurudisha. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja:

1. Nyonya etani ya zamani kwa tresi, panguza vitanda kwa alkoli, ungoje ikauke.
2. Paka fluksi.
3. Weka etani kidogo juu ya kitanda kimoja tu, si vyote viwili. Kama utaweka pande zote mbili, kipande kitapanda juu ya kilima na hakitalala.
4. Kamata kipande kwa pinse. Viwiko viwili vikae juu ya meza, na kidole cha mwisho cha kila mukono kiguse meza. Hapo kutetemeka kunapungua.
5. Yeyusha etani ya kile kitanda kimoja, sukuma kipande ndani yake kutoka pembeni, tosha fero. Usiachilie pinse. Hesabu moja, mbili, tatu, etani ishike.
6. Angalia kwa lupe. Kimelala? Kimenyooka? Kama hapana, pasha tena upande ule ule. Bado ni rahisi kurekebisha.
7. Geukia upande wa pili. Ncha ya fero iguse kitanda na kipande pamoja, kisha gusisha waya wa etani hapo. Sekunde moja au mbili zinatosha.
8. Rudi upande wa kwanza, tia fluksi, gusa mara moja ili ukae vizuri.

Kama fero yako ina kipimo, iweke kati ya digri 320 na 350. Fero inayokaa muda mufupi na moto wa kutosha haiumizi karte. Fero baridi inayokaa muda murefu ndiyo inayoiumiza.

Kazi nzuri inaonekana: etani inapanda kutoka kitanda mpaka ncha ya kipande sawa na mutelemuko wa kilima kidogo. Ikiwa duara sawa na yai, ni etani nyingi au haikushika. Etani yenye risasi inangara. Ile isiyo na risasi inaweza kuwa na uso hafifu kidogo na bado iwe nzuri, basi usidanganyike.

Na ile mipuche yenye miguu mingi pembeni? Njia ni moja. Kwanza panga miguu yote juu ya vitanda vyake, sude mugu mumoja wa pembe, kisha mugu wa pembe ya upande mwingine. Angalia tena. Paka fluksi nyingi juu ya musitari wote, chukua tone la etani ku ncha ya fero, livute pole pole juu ya miguu. Vernisi iliyo kati ya miguu inakataa etani, na kila mugu unachukua sehemu yake. Miguu miwili ikishikana, weka tresi juu, pasha, etani inayozidi itanyonywa. Mbele ya kutosha mupuche wa zamani, andika ni upande gani alama ya mugu wa kwanza ilikuwa. Ukiigeuza utaichoma.

JIFUNZE KUSOMA PIA

Rezistansi za CMS ni nyeusi na zina namba. Namba mbili za kwanza unaziandika, ya tatu ni hesabu ya zero. 103 ni 10 na zero tatu: om 10.000. 472 ni om 4.700. Na 220? Wengi wanaanguka hapa. Si 220, ni 22 bila zero hata moja: om 22.

Kondansatere ndogo za rangi ya kahawia kwa kawaida hazina andiko lolote. Ukizichanganya hautajua tena ipi ni ipi. Kila moja iwe na fasi yake juu ya karatasi, na jina lake pembeni. Zile za rangi ya njano au nyeusi zenye musitari ni za tantali. Uangalie: kwenye tantali musitari unaonyesha upande wa plus. Kwenye zile kubwa za mviringo sawa na kikopo, alama inaonyesha upande wa minus. Tantali ikigeuzwa inaweza kuwaka moto.

Tukisema tantali, musomaji wa Kivu anajua inatoka wapi: ndani ya koltan. Etani inatoka katika jiwe la kasiterite, lile lililojulisha Manono kwa miaka mingi. Shaba ya vitanda ni ndugu ya shaba ya Kolwezi na Likasi, na kobalti iko ndani ya batri. Kijana wa kwetu anayeinama juu ya karte anaona mawe ya nchi yake yaliyorudi kutoka mbali, yamekuwa madogo na ya bei kubwa. Yaliondoka kwa tani, yamerudi kwa miligrame. Ile kazi iliyofanywa katikati ndiyo iliyoyapandisha bei, na sehemu yake ndogo anaweza kuishika mukononi mwake.

MAMBO YA KUANGALIA NYUMBANI

Risasi ni sumu, na zaidi kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Kwa moto wa fero haipandi ndani ya moshi. Inaingia kwa mikono inayogusa etani na kisha kugusa chakula. Kwa hiyo: usisude juu ya meza ya kula. Usikule wala kunywa wakati wa kazi. Usishike etani kwa meno. Nawa mikono na sabuni kisha kazi. Usipakate mutoto.

Moshi wenyewe ni wa kolofani. Unaweza kuwasha pumu. Fungua dirisha, na kichwa kisiwe juu ya moshi.

Tosha batri ya telefone mbele ya kuanza, na usisude hata siku moja juu ya batri ya litiamu. Inaweza kulipuka.

Musifungue sharjere na televizyo mukiwa bado wanafunzi. Ndani yake mumo kondansatere inayoweza kushika volti karibu 310 hata baada ya kutosha waya ukutani.

Na fero ikae juu ya kiti chake cha chuma. Umeme ukikatika, chomoa. Utarudi usiku wakati umelala, na fero itakuwa moto juu ya meza.

MASHARTI KATI YA MAMA NA MUTOTO

Sasa, mama, tunakushauri ufanye mapatano na mutoto wako, mbele ya baba yake.

Mwezi wa kwanza: karte zilizokufa tu. Kila siku atoshe rezistansi kumi za 1206 au 0805, azipime na multimetre zikiwa nje, azirudishe, kisha azitoshe tena na kupima. Kuzipima zikiwa juu ya karte kunadanganya, maana vipande vingine vinachangia. Aandike ndani ya kayee: ngapi zimepona, ngapi zimekufa, vitanda vingapi vimengoka.

Mwezi wa pili: 0603, na mipuche ya miguu nane.

Mwezi wa tatu: vyombo vya nyumba yenu wenyewe vilivyokwisha kufa. Redio ya nyumba ikipona, baba yake ataacha kuzungumza juu ya choo.

Telefone ya mutu wa nje ingoje mpaka kayee ionyeshe ishirini juu ya ishirini, tena bila kitanda kilichongoka. Na wakati huo aende kukaa pembeni ya fundi wa kweli, mwenye masini ya hewa moto, amwangalie na kumusaidia. Zile telefone tatu zilizokufa, azilipe pole pole. Hata kama ni kwa kuuza maji, azilipe. Jina baya linatembea haraka ndani ya kambi, na fundi anakula kwa jina lake.

Kijana unayesoma, usifikiri masharti haya ni adhabu. Mikono inajifunza kwa kurudilia. Siku ya kwanza utapoteza vipande saba juu ya kumi. Vingine vitaruka kutoka pinse na hautaviona tena. Siku ya ishirini utashangaa kuona kidole kile kile kikubwa kinalaza kipande cha milimetre mbili, bila kutetemeka. Kidole hakikupunguka. Umejua tu kuiachia etani kazi yake.

Nilisema nitarudi kwa mama mudogo. Siku nilipomuletea telefone iliyokufa nililia mbele yake. Nikamuambia: "Mama, unisamehe, vidole vyangu havijue ile kazi." Akanyamaza sana. Kisha akasema: "Mwana, si vidole. Vidole bitajifunza. Mi nilikuuliza unajua, na weye ukasema ndiyo. Pale njo uliharibisha telefone."

Tangu siku ile, mutu akiniletea kitu nisichokijua, ninamuambia: "Hii bado sijue, peleka kwa fulani." Wengine wanakwenda na hawarudi. Lakini wengi wanarudi na kitu kingine, na kunikabizi bila kuuliza mara mbili.

Mama wa kambi, musomeshe mutoto wako neno lile kwanza, mbele ya fero: "Bado sijue." Kisha mupe karte zilizokufa, na meza yenye taa.

Mwezi ujao: ginsi ya kutumia multimetre bila kuichoma. Muendelee kutuandikia, na mubaki na amani.